Binti yangu yuko Harbin kwenye baridi kali: haya mambo ya Wachina ya maji ya moto na kuloweka miguu, nishike lipi?

Mrina_wa_Sikonge
Jumatatu, 12 Januari

Wakuu habari za mchana. Mimi ni mrina asali, kazi yangu ni mizinga na moshi, mitandao siijui vizuri. Kijana wangu wa mwisho ndiye kaniandikisha humu, kwa hiyo nikikosea taratibu mnivumilie.

Nina binti yuko Harbin, kule kaskazini mashariki mwa China, anasomea mambo ya maji. Aliondoka Septemba. Hapa kwetu Tabora mvua imefungua, embe zinaoza chini ya miti hata mbuzi wamezichoka, nami nimekaa barazani na singlendi. Yeye jana kanitumia picha ya kioo cha simu yake: nyuzi 27 chini ya sifuri. Nikamwuliza kama kile kistari mbele ya namba si ufa wa kioo. Baridi kubwa ninayoijua mimi ni ya kipupwe, mwezi wa saba, ukilala porini kwenye kambi ya warina. Asubuhi vidole vimekufa ganzi, kamba haifungiki, asali kwenye ndoo inagoma kumiminika. Nilidhani hiyo ndiyo baridi.

Kinachonifanya niandike ni hiki. Kwenye bweni lao kuna mama mtu mzima wa Kichina, ndiye mlinzi wa mlango. Amempenda binti yangu, namshukuru kwa hilo, lakini kila siku ana amri mpya. Asinywe maji ya baridi hata kidogo. Kila usiku aloweke miguu kwenye beseni la maji ya moto lenye tangawizi na majani fulani makavu. Ale kondoo. Ale ufuta mweusi na maharage meusi, eti majira ya baridi ni ya figo na figo zinapenda vyakula vyeusi. Asioshe nywele jioni. Tarehe 21 Disemba akamsimamia ale sambusa za kuchemsha, wanaziita jiaozi, akimwambia asipokula masikio yatadondoka. (Sisi ni Waislamu, nikauliza haraka nyama gani. Kumbe kuna migahawa ya Waislamu wa Kichina, alinunua huko.)

Sasa wiki hii mtoto anatoka damu puani. Midomo imepasuka, ngozi inamwasha, usingizi haupati. Yule mama anasema ampeleke kwa tabibu wao apewe mitishamba. Mama yake hapa nyumbani amesikia neno damu, tangu jana analia, anataka nimrudishe mtoto.

Mimi naogopa vitu viwili, baridi yenyewe na dawa nisizozijua. Kwa mliowahi kuishi huko: katika maneno ya huyo mama, lipi la kushika na lipi la kuacha? Nimefikiria pia kumtumia asali yetu ya miombo, lita tano. Naongea naye kila usiku nikishamaliza taarifa ya habari ya saa mbili, kwa hiyo mkinijibu leo nitamfikishia leo leo.


MwishoWaReli
Jumatatu, 12 Januari

Shikamoo mzee wangu. Nakuandikia kutoka Ujiji. Harbin nimekaa miaka sita. Nilirudi na cheti, na kidole kimoja cha mguu ambacho mpaka leo nikikanyaga maji ya ziwa alfajiri kinanikumbusha nilikotoka.

Kwanza mtulize mama. Hiyo damu ya puani si ya baridi, ni ya ukavu. Kule mji mzima unapashwa kwa mabomba ya maji ya moto yanayopita kwenye kila chumba, yanawashwa tarehe 20 Oktoba na kuzimwa tarehe 20 Aprili. Nje ni 27 chini ya sifuri, ndani ni 25 juu, mtu anakaa na fulana. Na hewa ya nje ikishaganda hivyo haina maji ndani yake. Ikiingia chumbani ikapashwa, inakunyonya wewe. Inanyonya midomo, macho, matundu ya pua. Upepo wa Agosti wa kwenu Tabora ni mbichi ukiulinganisha na hewa ya bweni la Harbin.

Yaliyomkuta binti yalinikuta mimi Januari ya kwanza. Niliamka, mto una doa kama sahani, nikakimbia kioo, nikaona damu imekauka mpaka kidevuni. Sikufikiria ukavu. Nilifikiria nani huko nyumbani nimemkosea. Nikashuka mlangoni nimeziba pua na soksi, ndiyo niliyoiona karibu. Na sisi tulikuwa na mama mlinzi, tukimwita ayi, maana yake mama mdogo. Hakushtuka. Alinikalisha, akauliza kitu kimoja tu: jana umekula nini? Nikamwambia supu ya kondoo, na juzi kondoo, na chai ya tangawizi kutwa mara tatu, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia vinapasha mwili. Akanicheka mpaka akashika meza.

Akachukua pea, zile za kule zenye ngozi ya njano na maji mengi. Akaikata kichwa kama unavyokata kifuniko cha dafu, akachimbua kokwa kwa kijiko, ndani akatia vipande vitatu vya sukari ya mawe, akarudisha kifuniko chake, akaiweka kwenye bakuli na bakuli kwenye sufuria yenye maji, ikaiva kwa mvuke karibu saa nzima. Ikatoka imelegea, ukiitia kijiko inakubali, na chini ya bakuli kuna maji matamu. Nikaambiwa nile yote na maji ninywe. Kisha akapanda nami chumbani, akalowanisha taulo langu, akalitandaza juu ya bomba la joto, akaweka na beseni la maji chini yake. Usiku ule nililala kama mtoto. Pea ndiyo iliyoniponya au taulo? Mimi kura yangu naipa taulo. Lakini pea niliendelea nayo miaka sita.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wageni wengi hawakielewi kuhusu lishe ya baridi ya Wachina. Watu hudhani ni kula vya moto tu, kondoo na tangawizi mpaka Machi. Sivyo. Wenyewe wana neno, shanghuo, yaani moto umepanda: vidonda vya mdomo, chunusi, pua kutoka damu. Ukila vya moto ndani ya chumba cha moto, moto unapanda. Kwa hiyo kila kondoo ana figili yake pembeni. Wana msemo wa zamani kwamba anayekula figili wakati wa baridi na tangawizi wakati wa joto hana haja ya kumsumbua tabibu aandike dawa. Ona ulivyo kinyume na tunavyodhani. Sokoni Novemba wazee wanabeba kabichi na figili kwa mkokoteni, wanazirundika kwenye ngazi za ghorofa.

Mzee, mimi bibi yangu alikuwa Mswahili wa hapa hapa Ujiji, na alipokuwa akitutibu maneno yake yalikuwa manne: hari, baridi, yabisi, rutuba. Samaki huyu ana baridi, mtie pilipili manga. Mtoto huyu ana hari, mpe maji ya ukwaju. Viungo vikiuma, hiyo baridi yabisi. Tulimwona wa kizamani. Nimesafiri mpaka ukingo wa Siberia kwenda kukuta ayi anasema yale yale kwa Kichina. Baridi ya nje, yabisi ya ndani, ndio ugonjwa wa binti yako kwa lugha ya bibi yangu.

Sasa tuje kwenye amri za huyo mama.

Maji ya moto, ashike. Hayana muujiza, ila mtu asiyependa maji ya baridi wakati wa baridi huwa hanywi maji kabisa, na ya moto yanapita. Wachina wanaojenga reli ya SGR hapa kwetu utawaona jua la saa nane wametundika chupa za maji ya moto. Sio ushamba, ndivyo walivyolelewa.

Kulala mapema, ashike kwa mikono miwili. Wana kitabu cha kale cha tiba, Huangdi Neijing, kina zaidi ya miaka 2000, kinasema miezi mitatu ya baridi ni ya kufunga na kuweka akiba: lala mapema, chelewa kuamka, ngoja jua litoke, usijitoe jasho ovyo. Wewe mrina utanielewa kuliko profesa. Nyuki wa kule wakati huo hawatoki. Wanajikunja tonge moja ndani ya mzinga, wanatetemesha miili kutoa joto, wanakula walichoweka. Hakuna anayewaita wavivu. Ndiyo maana ya akiba ya figo wanayoisema. Figo kwao si hizi mbili za mchinjaji tu, ni ghala la nguvu za mwili.

(Usishangae lakini binti akikutumia picha ya wazee wa miaka sabini wanaogelea kwenye tundu walilokata kwenye barafu ya mto Songhua. Wapo, nimewaona. Kitabu hawajakisoma.)

Kuloweka miguu, ashike. Maji yafike juu ya kifundo, moto wa kiasi, nyuzi 40 hivi, yaani kiwiko kinavumilia bila kusita, dakika 15 hadi 20, akaushe katikati ya vidole, avae soksi, alale. Hayo majani yanaitwa ai, ni ndugu wa pakanga yetu, ukinusa utajua. Mimi sitakudanganya kwamba miguu ndiyo mlango wa figo. Ninachojua ni kwamba mtu akishapasha miguu, simu inamdondoka mkononi.

Vyeusi: ufuta mweusi, maharage meusi, uyoga mweusi wanaouita sikio la mti. Ni chakula kizuri, ale, na kama havipendi hatakufa. Na zile tende nyekundu za Kichina atakazopewa sio tende, ni kunazi. Ndugu mmoja na makunazi yanayookotwa na watoto, ila wameyakuza na kuyakausha. Awekee moja mbili kwenye uji.

Jiaozi na masikio: hiyo ni hadithi ya Zhang Zhongjing, tabibu wa enzi ya Han, utawala wa kale wa China. Wanasema alirudi kwao Nanyang akakuta maskini masikio yameoza kwa baridi, akapika kondoo, pilipili na dawa, akafunga kwenye unga kwa umbo la sikio, akagawa. Ukiitazama jiaozi kweli ni sikio. Mwambie asiibishie hadithi nzuri, ila masikio yake yalindwe na kofia.

Chuku pia watampigia debe, ile hijama tunayoijua, wao wanatumia vikombe vya kioo na moto. Nimeumikwa mgongo mara mbili, nikatoka na miduara myekundu kama nimekanyagwa na ng'ombe, na hapa sipigi chuku. Haikuniumiza, na sikuona tofauti.

Ngozi: mafuta ya mise, mzee wangu. Yale ya kokwa za mchikichi. Hakuna krimu ya dukani iliyoyashinda. Apake akitoka kuoga, mwili ukiwa na unyevu bado.

Asali yako ya miombo naijua, lakini lita tano usipakie kabla hujamwuliza msafirishaji sheria za forodha. Na kule watakuuzia asali ya mti wanaouita duan, inatoka misitu ya huko huko kaskazini mashariki, ikiganda inakuwa nyeupe kama samli. Wao wanasema asali inalainisha mapafu na tumbo. Vuguvugu, isipikwe na maji yanayochemka. Mwambie akupigie picha, utaipenda.

Mwisho, kitu kimoja. Nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu ya sentensi ya mwisho. Unampigia baada ya taarifa ya habari. Taarifa inaisha saa mbili na nusu usiku. Harbin wako mbele yetu saa tano. Mzee wangu, unampigia saa saba na nusu usiku.


Kalunde_Isevya
Jumatatu, 12 Januari

Mzee usijisumbue, mitishamba ni mitishamba tu, iwe ya Shanghai au ya hapa mtaani na kibao cha "natibu nguvu za kiume". Nguo nzito, ale, asome. Haya ya figo na vyeusi ni ushirikina wenye vitabu.


Dada_Famasi_Tabora
Jumanne, 13 Januari

Kaka Kalunde, umetibiwa malaria mara ngapi? Ile dawa mseto tunayokupa dirishani, ndani yake kuna kitu kilichotoka kwenye mmea wa Kichina unaoitwa qinghao, naye ni wa ukoo huo huo wa pakanga. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, aliusaka kwenye maandishi ya kale. Wenzake walikuwa wakichemsha mmea, haufanyi kazi. Akasoma kwa tabibu wa karne ya nne, Ge Hong, kwamba uloweke kwenye maji, ukamue, unywe. Akajiuliza kwa nini hakusema chemsha. Akaacha moto mkali, akatumia ether, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, mwaka 1971 dawa ikajibu. Mwaka 2015 akapewa Nobel. Angekuwa na dharau yako tusingekuwa na dawa mseto. Ila angekuwa na imani tu bila kupima, tusingekuwa nayo pia.

Mzee, shikamoo. Mimi niko upande wa Kaka wa Ujiji kwa vya jikoni, taulo na beseni. Kwa tabibu ndipo nina maneno.

Akienda, aende hospitali. China kuna hospitali rasmi za tiba yao ya asili, madaktari wana leseni, na cheti cha dawa kinachapishwa. Asinunue vifuko sokoni wala kwa mtu wa mtandaoni. Kila atakachoandikiwa apige picha majina akutumie, na yeye abaki nayo. Na amweleze daktari dawa nyingine zote anazotumia, hata za uzazi wa mpango.

Kitu ambacho kinaumiza wageni wengi ni mafua. Kuna vifuko vya chembechembe za kukoroga kwenye maji ya moto, kopo lina picha za majani, mtu anadhani ni mitishamba mitupu. Vingi vimechanganywa na paracetamol ndani. Mtoto anakoroga vifuko vitatu, kichwa kinamuuma bado, anameza na Panadol mbili alizotoka nazo nyumbani, mara nne kwa siku. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, vyote vikihesabiwa pamoja. Zaidi ya hapo ni ini. Aulize duka la dawa kabla: humu kuna paracetamol? Wengine wanatia na mmea uitwao mahuang kwenye dawa za kifua, hiyo inapandisha presha na kuukimbiza moyo. Licorice nayo, ule mzizi mtamu, wao wanaiita gancao, iko karibu kwenye kila mchanganyiko. Kidogo haina neno, kwa wiki nyingi inapandisha presha na kushusha potasiamu.

Na kuna mimea ya jamii ya Aristolochia inayoharibu figo kabisa. China wenyewe walifuta mmoja wao, guanmutong, mwaka 2003. Ndiyo hizo hizo figo tunazoambiwa tuzilinde kwa ufuta.

Sasa swali langu kwako mzee, na naomba usilipuuze: binti amewahi kupimwa selimundu (sickle cell)? Huku kwetu magharibi wapo wengi, na baridi kali ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu ya selimundu. Kama anao, daktari wa chuo lazima ajue kabla ya mengine yote.

Aulizie pia vitamini D. Harbin mwezi huu wa baridi jua linazama saa kumi jioni hivi, na miale yake ni dhaifu, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Hiyo hakuna supu inayoifidia vya kutosha. Na mwaka ujao achome chanjo ya mafua kabla baridi haijaanza.


Mama_Cheyo
Jumanne, 13 Januari

Mmesema yote mkasahau kichwa. Mzee, binti ana misuko? Misuko ikilowa haikauki kwa masaa, na akitoka nje nayo inaganda inakuwa vijiti, mdogo wangu ilimkatika kwa mkono kama tambi. Hapo yule mama mlinzi ana haki. Aoshe Jumamosi asubuhi, akaushe kwa mashine, asitoke mpaka mizizi imekauka. Na chini ya kofia avae kilemba cha satini.


Mrina_wa_Sikonge
Jumanne, 13 Januari

Marahaba wote. Nimewasoma mara tatu, na mama yake nimemsomea kwa sauti.

Selimundu alipimwa akiwa shule ya msingi, hana. Asante sana dada kwa kuuliza, mimi nisingewaza. Panadol alizobeba ni nyingi, nimemwambia azifungie.

Kijana wangu wa Ujiji, umenishika pabaya. Nilijua wako mbele, lakini kila nikipiga anapokea mlio wa kwanza, namwuliza ulikuwa umelala, ananiambia bado baba, nilikuwa nasoma. Tangu Septemba. Leo nimemwuliza kwa ukali kidogo, akacheka, akasema akilala kabla simu yangu haijaingia anaogopa hataisikia. Kumbe usingizi wake nimeuvunja mimi, nami nikawa namshuku mama wa watu na majani yake.

Taulo ameweka tangu jana. Leo pua haijatoka damu, ingawa siku moja si kitu.

Naomba jambo moja zaidi. Huyo kondoo apikwe vipi asipandishe huo moto? Na baridi hii inaisha lini, mama yake anataka tarehe.


MwishoWaReli
Jumanne, 13 Januari

Mzee wangu, kondoo ni mara moja au mbili kwa wiki, sio kila siku kama nilivyofanya mimi. Nusu kilo yenye mfupa, aichemshe kwanza dakika chache, amwage maji yale yenye povu. Aanze upya na maji ya moto, tangawizi kipande cha dole gumba kilichopondwa, vitunguu vya majani. Moto mdogo saa moja na nusu. Figili nyeupe aikate vipande vikubwa aitie nusu saa ya mwisho, mpaka ukiitazama unaona ng'ambo. Chumvi mwisho. Zhang Zhongjing yule wa masikio ana supu yake ya kondoo, tangawizi na mzizi uitwao danggui, bado wanaipika kwa wanawake waliojifungua na wenye tumbo la baridi. Huo mzizi auache mpaka daktari aseme; unachezea damu, na asiye mgonjwa hana haja nao. Na kama bweni haliruhusu jiko, mengi hayaruhusu, supu hiyo ipo kwenye kila mgahawa wa Waislamu.

Kidole changu sikukueleza. Nilikwenda kutazama majumba ya barafu na buti za mpira, soksi zimelowa jasho, saa tatu nzima. Kidole kikawa cheupe kama mshumaa na hakiumi. Kisichouma ndicho cha kuogopa. Mzee mmoja akataka kukisugua na theluji, nikavutwa zahanati ya chuo, wakasema kusugua ndiko kunakokata nyama. Wakakitia maji ya vuguvugu. Mwambie abebe soksi za akiba mfukoni.

Tarehe ya mama ipo. Wanahesabu kuanzia siku fupi kuliko zote, hiyo ya jiaozi, 21 Disemba, tisa mara tisa, siku 81. Tisa mbili za mwanzo mikono haitoki mfukoni, ya tatu na ya nne watu wanatembea juu ya barafu. Leo ni siku ya 24, tuko ndani ya tisa ya tatu, inayosifika kwa ukali kuliko zote. Siku ya 81 inaangukia 11 Machi. Harbin yenyewe itachelewa kidogo, hesabu ile ni ya watu wa kusini yake. Zamani walichora tawi la maua tisa, kila ua petali tisa, wanapaka rangi petali moja kila siku. Ayi wangu alilibandika pale mlangoni, nami kila nikirudi darasani ananipa kalamu.


Mrina_wa_Sikonge
Jumatano, 14 Januari

Leo nimempigia saa tisa alasiri, kwao saa mbili usiku. Nilikuwa kwenye mizinga, nimesimama juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Akageuza simu nikaona beseni la bluu, miguu ndani, tangawizi zinaelea na yale majani yamefanya maji kama chai. Mama mlinzi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili, akanipungia mkono, akasema kitu kirefu. Binti akatafsiri: anauliza kwa nini baba yako yuko porini bila kofia.

Tawi amelichora ukutani, petali 25 nyekundu. Nami nimeanza yangu kwa mkaa kwenye mlango wa stoo ya ndoo. Mama yake ameihesabu jioni hii akasema nimeruka mstari mmoja.